Kadi ya Nyumba ya Kalekye

Machakos, Jumamosi alasiri

Mwaitu wangu Ndinda,

Jumapili iliyopita uliniuliza kaburi la babu yako Mutiso liko wapi, ili upite kumuaga kabla hujapanda ndege. Nikakujibu kwamba alifia Mombasa akifanya kazi ya reli na akazikwa hukohuko. Uliitikia kwa kichwa, ukaendelea kuchambua maharagwe na mama yako. Nilikudanganya, mwanangu. Mutiso hakuwahi kufika Mombasa. Hakuwahi kufika popote, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa.

Sijalewa, na uzee haujanipanda kichwani. Wewe umeenda Kathiani kuwaaga wajomba zako, na mama yako yuko chumba cha pili anapiga pasi nguo zako, akinung'unika kwamba baridi ya huko unakokwenda haina adabu. Mambo ya sweta, ya dawa na ya kumpigia mchungaji simu ukifika ni yake, na kesho atayarudia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia zaidi ya miaka kumi. Wiki hii nimekuita mara tatu nikuambie, ukaja ukasimama mbele yangu, nami nikakutuma dukani chumvi. Chumvi iliyoko jikoni sasa itatufikisha Krismasi.

Nianze na nyumba yetu.

Susu Kalekye, nyanya yangu, yule unayejua kuwa ni mama mkwe wa nyanya yako, alifiwa na mume mapema na hakujaliwa mtoto. Siku hizo Ukambani mwanamke wa namna hiyo hakukaa tu akisubiri nyumba yake izimike. Alikuwa na shamba na ng'ombe wake. Akawachukua wazee wawili na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao bila wao hakuna ndoa kwetu hata ukifunga harusi makanisa saba, akaenda hadi kwa jirani wa mbali, hukohuko kwetu Mwala, akaposa msichana. Msichana huyo alikuwa Ndinda, mama yangu, ambaye wewe umebeba jina lake, ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, tangu siku uliyozaliwa. Mke anayeolewa na mwanamke namna hiyo tunamwita iweto. Na kwa kuwa mke lazima awe wa mtu, Susu alimpa jina yule mwana ambaye angemzaa kama Mungu angetaka. Akamwita Mutiso. Mama akawa mke wa Mutiso, na mimi na shangazi yako tukazaliwa watoto wa Mutiso. Mwanamume aliyenileta duniani simjui, na nilifundishwa tangu utotoni kwamba kumuuliza ni kukosa heshima.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu Mutiso hakuwepo kabisa, na yake yote yalikuwepo: mke, watoto wawili, shamba lenye mipaka, ng'ombe, hata kigoda pembeni mwa moto ambacho hakuna aliyekikalia. Nilikua nikipita kando ya kigoda hicho na sikuona ajabu. Majirani hawakuona ajabu. Wazee walipogawa zamu ya kazi ya bwawa la mchanga, lile la kuzuia maji mtoni, waliita, "Nyumba ya Mutiso," na Susu akaitika.

Ajabu niliiona shuleni, siku tulipopewa karatasi ya kujaza. Jina la baba: nikaandika Mutiso. Yuko hai au amekufa? Nilitazama swali hilo mpaka mwalimu akaanza kukusanya karatasi. Halafu nikaandika, amekufa. Nilimuua mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kwa hati nzuri. Baadaye karatasi nyingine ikataka kujua alifia wapi, nikampeleka Mombasa. Nyingine ikataka kazi yake, nikampa reli. Kila karatasi ilimwongezea kitu, na mimi nikazidi kuogopa mtu atakayeuliza swali moja zaidi. Kanisani nilisikia iweto ikisemwa kwa sauti ile watu wanayotumia kusema mambo ya giza. Nilipomwoa mama yako sikumwambia. Nilijua kabisa kwamba mficha uchi hazai, lakini mimi nilizaa na bado nikaficha.

Sasa kazi. Unajua nilikuwa karani wa kumbukumbu, na mlizoea kunicheka kwamba hata orodha ya soko naipigia mistari kwa rula. Hujui vizuri ule mradi wa ukame ulioniajiri miaka ya tisini, kwa sababu kila mara ukiuliza nabadilisha maneno.

Mradi ulikuwa na ofisi tatu chini ya paa moja la mabati: ya maji, ya chakula cha msaada na ya kliniki. Kila ofisi ilikuwa na kadi zake na orodha zake, na hakuna aliyeelewa za mwenzake. Kompyuta zilipoletwa wakaja wageni kutoka Nairobi, wakiongozwa na mama mmoja mfupi, mpole, ambaye wote tulimwita Madam. Walikuja na kitu walichokiita orodha mama. Walisema si orodha ya maji wala ya chakula. Ni orodha ya juu ya orodha zote, na kila ofisi ikining'iniza maneno yake chini ya orodha hiyo, basi mashine ya huku itaelewana na ya kule.

Juu kabisa palikuwa na neno moja tu: Kitu. Chini yake matawi mawili, vinavyodumu na vinavyotokea. Mbuzi anadumu, ukame unatokea. Halafu mtu, kundi, mahali, wakati. Halafu nafasi: mtu ni mtu siku zote, lakini muuguzi, mpangaji, mke, hizo ni nafasi anazoshika na anaweza kuziacha. Mwaitu, nililipenda jambo hilo. Nilirudi nyumbani nikiangalia kila kitu mezani na kukipanga, sufuria inadumu, chai inatokea, mpaka mama yako akaniuliza kama nina homa. Usidhani nakuandikia kuilaani kazi unayoenda kusomea. Ilikuwa na faida, niliiona kwa macho. Mara ya kwanza kadi za maji zilipokutana na za kliniki, tuliona kwamba watoto waliokuwa wakikonda walitoka palepale ambapo mabwawa ya mchanga yalikuwa yamebomoka. Kabla ya hapo kila ofisi ilikuwa imekalia nusu ya habari.

Ugomvi ulianzia chini, kwenye neno nyumba. Ofisi ya maji iliposema nyumba ilimaanisha watu wenye zamu moja bwawani. Ya chakula ilimaanisha wanaokula chungu kimoja. Ya kliniki ilimaanisha mama na watoto wake. Madam aliwasikiliza wakibishana mpaka chai ikapoa, akasema, "Kwa hivyo mkisema nyumba, mnasema vitu tatu." Watu wakacheka. Huko juu, kwenye Kitu, tulikuwa tumekubaliana wote kwa dakika tano, na nadhani ni kwa sababu huko juu hakuna anayeishi. Mwishowe ikakubaliwa kwamba nyumba ni kundi lenye mkuu mmoja, na kila aliyemo awe na nafasi yake kwa mkuu huyo: mume, mke, mtoto, mzazi, ndugu, mkwe, jamaa mwingine, au asiye jamaa. Niliandika orodha hiyo ubaoni kwa mkono wangu na nikaipigia mstari.

Kisha Madam akanipa mimi kazi ya kuijaribu. Wiki tatu, na makabati yote matatu wazi mbele yangu. Alichoniambia nimekishika neno kwa neno: "Musyoka, usiniletee kadi zenye zinaingia. Hizo hazinisaidii. Nitafutie zenye zinakataa."

Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mtu wa hapa. Alijua kwamba mgeni hawezi kujua kadi gani itakataa.

Nilianza na kadi za mazao, za visima, za chanjo. Palipokataa niliandika, naye alirekebisha bila kinyongo. Wiki ya tatu nikafika kwenye kadi za nyumba, na huko nikakutana na kadi tisa ambazo wale vijana wa kuandikisha walizijaza kama walivyoambiwa mlangoni. Mkuu wa nyumba, mwanamke. Mke wake, mwanamke. Watoto, hivi na hivi. Nyumba tisa za iweto. Sikuhitaji kusoma mara mbili. Moja ya kadi hizo ilisema: Mkuu, Kalekye. Ndinda, mke.

Nilikaa na kadi hiyo mkononi. Hakuna aliyekuwa akinitazama, kila mtu alikuwa na yake, lakini masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilijaribu mke, na mashine ikakataa, kwa sababu orodha mama ilitaka mke awe wa mwanamume. Nilijaribu mkwe. Ikataka nimtaje mtoto wa Kalekye ambaye Ndinda ameolewa naye, na tarehe yake ya kuzaliwa. Mutiso, tarehe gani? Palikuwepo pia jamaa mwingine, usifikiri hapakuwepo. Lakini jamaa mwingine ilifungua swali jingine: jamaa kupitia nani? Asiye jamaa haikuuliza kitu. Ukiichagua, mashine inanyamaza na kupita.

Nikachukua kalamu, nikafuta mke kwa mstari mmoja wa rula, nikaandika asiye jamaa. Nikaweka herufi za jina langu pembeni, kama utaratibu ulivyotaka. Na kwa kuwa sikutaka ya kwetu ionekane peke yake, nikazifanya nyingine nane vilevile.

Ijumaa hiyo Madam alivuta kiti akakaa karibu yangu. Akaniuliza, "Kuna kadi zimekataa za nyumba?"

"Hakuna, Madam."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alinitazama kidogo. Ningesema neno moja tu angesikiliza, naapa, angetoa daftari lake na kuniuliza iweto ni nini na ingewekwaje. Yule hakuwa mtu wa kucheka watu. Alisema, "Basi hii orodha ni nzuri kuliko vile nilifikiria," akafurahi, akatununulia wote soda. Nami niliinywa soda hiyo.

Nimefikiria sana kwa nini nilifanya vile, na sipendi jibu ninalolipata. Sikudanganywa na orodha. Orodha iliuliza swali la kweli, tena kwa uwazi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuniuliza: huyu ni nani wa huyu? Na mimi, mtu pekee kwenye ofisi ile aliyejua jibu kwa damu, nilichagua sanduku lililonyamaza. Halafu ripoti ikaenda Nairobi ikisema kwamba orodha imejaribiwa Machakos na hakuna kadi ya nyumba iliyoikataa. Nilisikia baadaye kwamba sentensi hiyo ilisomwa kwenye wilaya nyingine kuwashawishi waliokuwa na wasiwasi. Ilikuwa sentensi yangu.

Susu alikufa mwezi uliofuata, kwa uzee, usingizini. Tulimzika vizuri. Kisha ukame ukakaza. Mwala ilikauka mpaka punda wakawa wanasimama barabarani bila kujua waende wapi. Chakula kikaanza kugawiwa kwa karatasi zilizotoka kwenye mashine, na mashine ilifanya ilivyofundishwa: mkuu wa nyumba amekufa, aliyebaki si jamaa yake, kwa hivyo nyumba imefungwa, na huyo aliyebaki ahesabiwe kwao alikotoka.

Mama alienda kwenye foleni na gunia lake. Jina halikuitwa. Alisubiri mpaka watu wakaisha. Aliyekuwa akisoma karatasi ni Kyalo, kijana wa jirani aliyekulia miguuni pake, aliyekula isyo ya mahindi na maharagwe jikoni mwake mara ngapi sijui. Ni Kyalo aliyenisimulia baadaye, na alisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Alimwambia, "Mama, mimi nakujua, lakini hii karatasi haikujui." Mama akamwomba amsomee karatasi inavyosema. Akamsomea. Asiye jamaa wa Kalekye. Mama akasema ameishi na Kalekye tangu akiwa msichana, amemwosha, amemlisha, amemfumba macho. Kyalo akaona huruma, akaitoa kadi yenyewe ya nyumba kwenye boksi alilokuja nalo kutoka ofisini, akaona herufi zangu pembeni. Akafurahi, maskini, akidhani amepata dawa. Akamwambia asiwe na shida, aliyepitisha kadi ni Musyoka wake mwenyewe, aende tu mjini amwambie arekebishe.

Mama hakuja mjini.

Nilimtembelea baada ya majuma matatu, nikiwa na sukari na majani ya chai, sijui lolote. Wewe ulikuwa mtoto, nilikuacha kwa mama yako. Nilimkuta ameketi mlangoni akikoboa muthokoi, mahindi ya kuazima, kidogo hata hayakufunika chini ya kinu. Alikuwa amekonda. Mbuzi walikuwa hawapo. Nilimuuliza mbona hakuniletea habari, mbona hakuenda kuchukua chakula. Hakuacha kutwanga. Alisema kwa sauti ileile ya kuniuliza kama barabara ilikuwa na vumbi.

"Waliniuliza mimi ni nani wa Kalekye. Sikujua walikuwa wamekuuliza wewe kwanza."

Nilichukua mchi kutoka mikononi mwake nikatwanga mimi, nikilia, na yeye akaniacha nilie. Nilipomaliza akachukua mahindi akayapepeta, akapika, tukala. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilirudi ofisini nikabadilisha kadi. Na hapa ndipo naona aibu kuliko pote, Mwaitu, kwa sababu hata baada ya hayo yote sikuandika mke. Niliandika jamaa mwingine, kupitia nani nikaacha wazi. Jina lake likarudi kwenye karatasi. Nikamtumia habari aende akachukue chakula. Akanijibu kupitia Kyalo kwamba yeye si mwingine. Hakusimama tena kwenye foleni ile hata siku moja. Alikula nilichompelekea mimi mwenyewe, mikono miwili kwa mikono miwili, akanishukuru kila mara, na miaka miwili baadaye akafa. Si njaa iliyomuua. Najiambia hivyo na daktari aliniambia hivyo.

Zile nyumba nyingine nane nilizitafuta baada ya mradi kufungwa. Nilizipata tano. Nne walisema walihangaika kidogo, wakasaidiwa na majirani, yakapita. Ya tano ilikuwa upande wa Ekalakala. Binamu za marehemu walimwondoa iweto shambani, na mbele ya wazee walitoa ile karatasi ya mashine kuwa ushahidi: hata ofisi imesema huyu si jamaa. Niliambiwa amehamia Yatta kwa dada yake. Nilifika mpaka kwa dada yake na nikageuka mlangoni bila kubisha hodi. Mtu akikuambia baba yako ni mtu mwema, mkatalie kidogo.

Juzi jioni ulifungua ile karatasi yako kubwa mezani, yenye neno moja juu na matawi yakishuka. Ukanieleza kwa furaha kwamba unaenda kusoma jinsi ya kupima orodha za namna hiyo, kujua ipi inafaa kutumiwa na ofisi za kweli na ipi ni urembo wa wasomi. Ukasema, "Baba, wewe ulikuwa karani, unaona nini?" Nikaona tawi la vinavyodumu na tawi la vinavyotokea. Niliyatambua kama mtu anavyotambua waliomwibia, ila mwizi nilikuwa mimi. Nikakuambia, "Ni nzuri." Ulingoja niongeze neno. Nikakutuma chumvi.

Basi neno lenyewe ni hili, na si mafundisho, maana huko unakokwenda wako watakaokufundisha kuliko karani. Watakuletea orodha iliyopangika vizuri na watataka useme inafaa. Uliza inafaa kwa kazi gani, na nani atasimama kwenye foleni siku itakapotumika. Usiipime kwa kadi za watu usiowajua tu. Weka na za kwenu. Kadi ikikataa, usikimbilie kuilaumu kadi, na ukiona mkono wako unaelekea kwenye sanduku lisilouliza kitu, uweke chini kwanza ujiulize unaogopa nini. Mimi nilidhani aibu yangu ni jambo langu la ndani, halimhusu mtu. Kumbe iliingia kwenye mashine ikatoka upande wa pili ikiwa njaa ya mtu mwingine.

Na ukipata orodha yenye nafasi ya mtu ambaye hakuzaliwa lakini alikuwa na mke na watoto, niandikie. Ningependa kuiona.

Kadi ya nyumba ya Kalekye imo ndani ya bahasha hii. Niliichukua siku mradi ulipofungwa, na haramu hiyo naikiri pia. Utaona mke kwa hati ya kijana wa kuandikisha, imefutwa. Utaona asiye jamaa, imefutwa. Utaona jamaa mwingine. Mistari yote imenyooka.

Saa moja iliyopita niliingia chumba cha pili nikamwambia mama yako kila kitu, maana sikutaka ujue wewe kabla yake. Alisikiliza akipiga pasi. Nilipomaliza aliweka pasi kando, akaniambia anajua tangu mwaka wetu wa kwanza. Nyanya yako alimweleza mwenyewe siku moja wakikoboa mahindi, akamtajia hata rangi za wale mbuzi watatu. Alimweleza kwa fahari, mama yako anasema, alicheka sana siku hiyo, akasema yeye ni mke aliyechaguliwa na mwanamke mwenzake kwa macho mawili. Miaka yote hiyo wote wawili walikuwa wakiningoja mimi.

Ndege yako ni ya usiku, kwa hivyo kesho tutaondoka mapema tupitie Mwala. Uliuliza kaburi la babu, na hakuna. Yapo mawili ya wanawake wawili, yamelala sambamba nyuma ya boma, na hao ndio waliotuleta. Juu ya msalaba wa nyanya yako niliandika mimi, mwaka ule tulipomzika, kwa hati yangu bora: Ndinda, mke wa marehemu Mutiso, Mombasa. Ulisimama hapo na maua ukasoma kwa sauti, na watu wakakusifu kwamba unajua kusoma.

Nimenunua kopo la rangi nyeupe, kopo dogo la nyeusi na brashi nyembamba. Viko karibu na sanduku lako, usivisukume. Wewe utanishikia kopo. Tutafuta ya zamani yote, tungoje ikauke, na tutaandika: Ndinda, mke wa Kalekye.

Ni mimi baba yako,

Musyoka, mtoto wa Ndinda.